Somo kwa Wazazi: Fedha za Shule ya Kijiji na Namna ya Kuziongeza

Katika mikutano ya vijiji vya Tanzania swali moja husikika mara kwa mara: "Ikiwa Serikali imesema elimu haina ada, mchango huu ni wa nini?" Na upande wa pili walimu hujibu: "Ikiwa wazazi hawatoi kitu, darasa hili litaezekwa na nani?" Kila upande una haki kidogo katika maneno yake, na ugomvi huzaliwa kwa sababu watu hawakuelezwa hesabu yenyewe. Basi katika somo hili tutaeleza fedha ya shule yatoka wapi, kwa nini haitoshi, na ni kwa njia gani wazazi waweza kuiongeza pasipo kumdhulumu mtoto wa maskini. Twawaomba wanaojua kusoma wawasomee na wenzao.

1. Fedha ya shule yatoka wapi

Ada ya shule za msingi ilipata kufutwa mwaka 1973, kisha michango ikarudi katika miaka ya 1980, nchi ilipopatwa na dhiki ya fedha. Ikafutwa tena ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ule wa MMEM, mwaka 2002. Watoto walimiminika shuleni. Mwaka 2000 walikuwa kama milioni 4.4 katika shule za msingi. Mwaka 2005 wakafika kama milioni 7.5. Mwisho, Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulitangaza kwamba tangu Januari 2016 elimu ya msingi na ya sekondari mpaka kidato cha nne itatolewa pasipo ada. Mwaka 2022 neno hilo likafikishwa hata kidato cha tano na cha sita.

Badala ya ada, Serikali hupeleka shuleni fedha iitwayo ruzuku, ambayo hupimwa kwa idadi ya wanafunzi. Katika mpango wa mwaka 2016 mwanafunzi wa shule ya msingi aliwekewa shilingi 10,000 kwa mwaka. Katika hizo, shilingi 6,000 zilipelekwa moja kwa moja katika hesabu ya benki ya shule, na shilingi 4,000 zikawekwa kwa ajili ya kununua vitabu. Mishahara ya walimu haimo humo; hiyo hulipwa na Serikali mbali.

2. Kwa nini haitoshi

Tufanye hesabu pamoja. Tuseme shule ina watoto 400. Zidisha 400 kwa 6,000, utapata shilingi 2,400,000 kwa mwaka. Gawanya kwa miezi 12, utapata shilingi 200,000 kwa mwezi, yaani shilingi 500 kwa kila mtoto. Katika fedha hiyo hutoka chaki, karatasi za mitihani, matengenezo ya milango na madawati, michezo, na mambo ya ofisi. Mwalimu mkuu aliye mwangalifu aweza kuendesha shule kwa fedha hiyo, walakini hawezi kujenga.

Mwaka 2021, Serikali ilipojenga madarasa mengi kwa mkopo uliotolewa wakati wa ugonjwa wa UVIKO-19, kila chumba cha darasa kilipangiwa shilingi milioni 20. Basi shule yetu ya watoto 400, kama ingeweka akiba ruzuku yake yote pasipo kununua hata kipande cha chaki, ingengoja zaidi ya miaka minane kupata chumba kimoja.

Na mahitaji ni mengi. Kanuni ya shule za msingi ni watoto 45 kwa darasa. Basi watoto 400 wahitaji vyumba 9. Kanuni ya vyoo ni tundu moja kwa wasichana 20, na tundu moja kwa wavulana 25. Ikiwa wasichana ni 200 na wavulana ni 200, matundu ya wasichana ni 10 na ya wavulana ni 8. Mzazi na aende shuleni ayahesabu mwenyewe. Yakipungua, binti ndiye aumiaye kwanza, maana aliyekwisha kuvunja ungo hukaa nyumbani siku ambazo hana mahali pa kujisitiri.

3. Mchango wa hiari, na ada iliyojificha

Sasa twafika mahali pa hatari. Kufutwa kwa ada hakukuwaondolea wazazi kila wajibu. Waraka Namba 3 wa mwaka 2016 ulieleza kwamba sare, madaftari, kalamu, matibabu na chakula cha mtoto wa kutwa ni kazi ya mzazi. Wala wananchi hawakukatazwa kujenga shule yao kwa mapenzi yao. Walichokatazwa walimu na kamati ni kumlazimisha mzazi na kumfukuza mtoto kwa sababu ya fedha.

Hata hivyo mahali pengi mchango uligeuka kuwa ada yenye jina jingine: mchango wa mlinzi, wa maji, wa mtihani wa kila juma, wa dawati. Asiyelipa mtoto wake alirudishwa nyumbani mbele ya wenzake. Kwa sababu hiyo, tarehe 17 Januari 2018, Rais John Magufuli alipiga marufuku michango yote katika shule za msingi na sekondari, akaagiza kwamba mzazi atakaye kutoa kwa hiari apeleke kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, mwalimu asishike fedha hiyo.

Jirani zetu wa Kenya walijifunza jambo lilo hilo. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 walijenga shule nyingi za sekondari kwa harambee, na sifa hiyo ni yao. Lakini baadaye wako wakubwa waliogeuza harambee kuwa amri, mnyonge akatoa kwa kuogopa. Ndipo Sheria ya Maadili ya Watumishi wa Umma ya mwaka 2003 ikamkataza mtumishi kutumia cheo chake kukusanya michango. Kisha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikaweka chama cha wazazi katika kila shule, na moja ya kazi zake ni kushauriana juu ya njia za kupata fedha za majengo.

Basi mchango wa hiari hujulikana kwa alama nne. Ya kwanza, umekubaliwa katika mkutano wa wazazi wote au Mkutano Mkuu wa Kijiji, na maneno yameandikwa. Ya pili, kazi yake na mwisho wake vimetajwa. Ya tatu, asiyeweza hasumbuliwi, wala jina lake halisomwi mbele ya watu. Ya nne, mtoto haulizwi chochote. Mchango ukikosa moja ya alama hizi, tuuite kwa jina lake la kweli, ni ada.

4. Nguvu, mavuno na shamba

Watu wengi hudhani kwamba kuchanga ni kutoa fedha tu. Mkulima ana mali nyingine. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilipotaka kila mtoto aende shule ya msingi, vyumba vingi vya vijijini vilijengwa kwa mikono ya wanakijiji wenyewe. Tuseme kijiji kina nyumba 250, na kila nyumba yafyatua matofali 40. Hayo ni matofali 10,000 kabla shilingi moja haijatolewa. Mchanga, mawe, maji na kuchimba msingi ni vivyo hivyo. Haba na haba hujaza kibaba. Jambo moja tu lisisahauliwe: yafaa Mhandisi wa Halmashauri apaone mahali na kuikubali ramani kwanza, maana ukuta uliojengwa vibaya hubomolewa, na jasho la watu hupotea.

Chakula nacho chahitaji hesabu. Mwaka wa shule una siku 194. Mtoto akipikiwa uji au ugali wa gramu 100 za unga kwa siku, kwa mwaka mzima ni kilo 19 na nusu hivi, karibu debe moja la mahindi. Mzazi akiambiwa "lete debe moja wakati wa mavuno" hulipata kwa urahisi kuliko akiambiwa alete fedha mwezi wa Februari, wakati ghala imekwisha. Aliyevuna gunia tano aweza kutoa madebe mawili, na mjane aliyevuna kidogo atoe kuni au siku moja ya kupika. Mtoto wake atakula sawasawa na wengine.

Shamba la shule ni njia ya zamani, iliyotiliwa nguvu na siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967. Lina faida likiwa na mpango. Mavuno yapimwe mbele ya kamati, yauzwe kwa bei inayojulikana, na fedha iingie benki. Watoto wajifunze kilimo shambani, wasigeuzwe vibarua saa za masomo.

5. Misaada mingine, na namna ya kuiomba

Iko mifuko iliyowekwa kwa sheria ambayo yaweza kusaidia shule za umma. Mfuko wa Elimu uliwekwa kwa Sheria Namba 8 ya mwaka 2001, na huendeshwa na Mamlaka ya Elimu Tanzania. Umesaidia ujenzi wa madarasa, vyoo, mabweni na nyumba za walimu. Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo uliwekwa kwa sheria ya mwaka 2009, na kamati yake huongozwa na Mbunge. Jina lake laonyesha maana yake: kuchochea ni kuusukuma moto ambao wenyewe wamekwisha kuuwasha. Kijiji chenye kuta zilizosimama hadi juu kina neno la kusema mbele ya kamati kuliko kijiji chenye mikono mitupu.

Maombi yapitie kwa Mwalimu Mkuu, Kamati ya Shule, Serikali ya Kijiji na Kata, mpaka Halmashauri. Barua ieleze haya kwa ufupi: shule ina watoto wangapi, wasichana na wavulana, ina vyumba na matundu mangapi, na yaliyopungua ni mangapi, kazi inayotakiwa na gharama yake kwa mkadirio wa fundi aliyekubaliwa, wananchi wamekwisha kutoa nini, na thamani yake, nani atasimamia, na muhtasari wa mkutano uliokubali. Barua ya maneno matamu yasiyo na idadi huwekwa kando. Na akitokea mtu wa kusema, "Nipeni fedha kidogo niwaletee msaada mkubwa," mkataeni, mkatoe habari zake.

6. Mali bila daftari

Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Kamati ya Shule ina wazazi waliochaguliwa, na Mwalimu Mkuu ni katibu wake. Kazi ya wazazi hao haiishi kwa kuketi na kutia sahihi. Kila kilichopokelewa kiandikwe: tarehe, aliyetoa, kiasi, hata tofali na debe viandikwe. Kila fedha itolewayo iwe na stakabadhi. Anayeidhinisha malipo asiwe ndiye anayenunua. Mapato na matumizi yabandikwe ukutani mahali ambapo kila mzazi apita, na yasomwe katika Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao kwa sheria hukutana kila miezi mitatu. Mwaka mmoja wa hesabu iliyofichwa huweza kuua moyo wa kutoa kwa miaka kumi.

7. Neno la mwisho: shule za matajiri na za maskini

Hatuna budi kusema pia mpaka wa njia hii. Katika miaka ya 1980 mkoa wa Kilimanjaro, wenye kahawa na watu waliozoea kuchanga, ulijenga shule nyingi za sekondari kwa michango, na sehemu kame za nchi zikabaki nyuma. Hazikubaki nyuma kwa uvivu. Mvua haikunyesha, wala hakukuwa na zao la kuuza. Ikiwa shule zitategemea mchango tu, mtoto atasoma kwa kadiri ya utajiri wa kijiji alimozaliwa. Kwa hiyo ruzuku ya Serikali ndiyo msingi wa nyumba, na mchango wa wazazi ni nyongeza. Wazazi wana haki ya kuuliza kama ruzuku imefika yote na kwa wakati, na kuuliza hivyo si utovu wa adabu.

Maswali ya kuzungumza barazani

1. Shule yenu ina watoto wangapi, na ruzuku iliyopokelewa mwaka uliopita ilikuwa kiasi gani?
2. Hesabuni vyumba na matundu ya vyoo. Yamepungua mangapi kwa kanuni tulizotaja?
3. Tazameni mchango wa mwisho mliotoa. Ulikuwa na alama zote nne za hiari?
4. Ni kazi gani mwaweza kuianza kwa nguvu zenu kabla ya kuomba msaada?
5. Mapato na matumizi ya shule yamebandikwa wapi, na nani aliyasoma mara ya mwisho?

Kijiji kitakachoyajibu maswali haya matano kwa idadi na tarehe kimekwisha kupata nusu ya barua ya maombi, na mikutano yake itakuwa na hesabu za kujadili kuliko ugomvi.