Anayemtunza Mzee Naye Akingwe



Katika toleo hili tunapenda tuzungumze juu ya watu ambao husahauliwa upesi ugonjwa wa mlipuko unapoingia, yaani wahudumu wa makazi ya wazee. Hapa wilaya ya Bukoba tunayo makazi ya Kiilima, ambayo Serikali huyaendesha kwa ajili ya wazee wasio na wa kuwatunza.

Kwanza tuelewe hatari inatoka wapi. Mzee asiyetoka kitandani haendi mnadani kuchukua ugonjwa. Unaletwa na mtu mzima wa afya: mhudumu, mpishi, au mgeni aliyekuja kusalimia. Tena mhudumu mmoja humwosha huyu, humlisha yule, humgeuza wa tatu. Akiambukizwa yeye, nyumba nzima imeambukizwa.

Waingereza walijifunza jambo hili kwa uchungu. Mwanzoni mwa korona, mwaka 2020, wazee walitolewa hospitalini na kupelekwa katika nyumba za kutunzia wazee bila kupimwa. Mwezi Aprili 2022 Mahakama Kuu yao iliamua kwamba utaratibu ule ulikuwa kinyume cha sheria. Lakini Mei 2020 Serikali hiyo ilikuwa imetoa pauni milioni 600 kwa nyumba hizo, na sehemu kubwa haikuwa ya sabuni wala barakoa. Ilikusudiwa mhudumu afanye kazi katika nyumba moja tu, na akiugua abaki kwake huku akilipwa mshahara kamili. Hapo, kwa maoni yetu, ndipo penye kiini. Mtu anayelipwa kwa siku, mwenye karo ya watoto kichwani, atakohoa kwa siri na kuja kazini. Tusimlaumu.

Kwetu Tanzania mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Chanjo ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 28 Julai 2021, na walioanza kupewa ni watumishi wa afya, wenye umri wa miaka 50 na zaidi, na wenye magonjwa sugu. Wakati huo afya na wazee vilikuwa chini ya wizara moja. Tangu Januari 2022 ni wizara mbili, kwa hiyo ni vema ijulikane mapema nani atapeleka glavu makazini siku ya dharura.

Dharura yenyewe tuliiona hapa hapa. Tarehe 21 Machi 2023 ilitangazwa Marburg katika Bukoba Vijijini. Mgonjwa wa kwanza alikuwa ametoka kisiwa cha Goziba, na ndugu zake wakaambukizwa. Hadi mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 2 Juni, watu 9 walikuwa wameugua na 6 kufariki, mtumishi wa afya akiwa mmojawapo. Mwaka 2025 ugonjwa ulirudi, safari hii Biharamulo.

Wasomaji wasichanganye magonjwa haya. Korona hupita katika hewa: fungueni madirisha, vaeni barakoa. Marburg hupita katika damu, matapishi na majimaji ya mwili. Mwenye dalili zake msimwoshe wala kumuuguza nyumbani. Toeni taarifa zahanati, au pigeni 199 bila malipo.

Sasa, familia ifanye nini? Diwani akiitisha mkutano, mwulizeni juu ya glavu, barakoa na posho za wahudumu wa makazi, kabla ya ugonjwa. Jumuiya ikienda kuwatembelea wazee, mwenye mafua abaki nyumbani. Ndizi, maharage na sabuni vikabidhiwe mlangoni.

Lakini wazee wetu wengi hawako Kiilima, wako kibanjani. Huko mtunzaji ni binti au mkwe, na hana mshahara wowote. Wakati wa mlipuko wa korona au mafua makali, achaguliwe mtu mmoja wa kumhudumia mzee. Wengine wamlimie shamba lake, wamchotee maji, wamwendee sokoni, ili asilazimike kuzunguka. Naye akipata homa aseme siku hiyo hiyo, awepo wa pili aliyekwisha kuoneshwa jinsi ya kumgeuza mzee kitandani na saa za dawa zake.