Mgeni wa Ziwa Turkana: Kijitabu cha Msafiri Anayekwenda kwa Wafugaji na Wavuvi

Kijitabu hiki ni cha nani?

Ni cha mwanafunzi, familia, kikundi cha kanisa au msikiti, mpiga picha na yeyote anayepanga safari ya Ziwa Turkana, kaskazini mwa Kenya. Wasafiri wengi hujiandaa kwa jua na kwa barabara mbovu. Wachache hujiandaa kwa watu watakaowakuta.

Jambo kubwa la kuzingatia ni saa. Mifugo ina saa ya kukamwa na saa ya kutoka, kisima kina zamu, na ziwa lina saa za kuvukika na saa za kuogopwa. Ukipanga safari yako kwa kufuata saa hizo, utapokewa vizuri, utajionea mengi na utarudi salama. Ukija na ratiba ya mjini, utawapotezea wenyeji wako muda na maji, vitu viwili ambavyo hawana vya kuchezea.

1. Unakokwenda

Ziwa Turkana lina urefu wa kama kilomita 250, na ndilo ziwa kubwa kuliko yote duniani lililo jangwani na lisilokauka. Zaidi ya asilimia 80 ya maji yake huletwa na Mto Omo kutoka Ethiopia. Mito ya Turkwel na Kerio huongeza kidogo. Hakuna mto unaotoka ziwani. Maji hupungua kwa kufyonzwa na jua tu, ndiyo maana yana magadi na hayafai kunywewa. Ramani za kikoloni ziliita ziwa hili Rudolf, jina lililoletwa na msafara wa Sámuel Teleki na Ludwig von Höhnel mwaka 1888. Jina la Turkana likawa rasmi mwaka 1975.

Magharibi mwa ziwa ni Kaunti ya Turkana, na mji wake mkuu ni Lodwar. Mashariki ni Kaunti ya Marsabit, na kituo cha wageni kinachojulikana zaidi ni Loiyangalani. Waturkana wanaishi pande zote mbili. Mashariki utawakuta pia Wasamburu, Warendille wa Korr na Kargi, na Wagabra wa North Horr, Kalacha na Maikona, karibu na jangwa la Chalbi. Kaskazini, kuelekea mpaka wa Ethiopia, wako Wadassanech, wafugaji ambao pia huvua na kulima.

Jamii ndogo kuliko zote ni Waelmolo, wavuvi wa Ghuba ya Elmolo, kaskazini kidogo ya Loiyangalani. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu kama 1,100. Lugha yao ya asili imetoweka katika mazungumzo ya kila siku, na wengi wao sasa husema Kisamburu.

2. Njia, msimu na usalama barabarani

Kwa upande wa magharibi, njia hupitia Kitale hadi Lodwar, kisha Kalokol na Ghuba ya Ferguson. Ndege za abiria pia huenda Lodwar kutoka Nairobi. Kwa upande wa mashariki, lami inakufikisha Laisamis au Marsabit kupitia Isiolo, halafu unashika barabara ya changarawe hadi Loiyangalani. Wanaopita Maralal hufuata Baragoi na South Horr. Njia zote mbili za mashariki hupitia karibu na Sarima, penye mitambo 365 ya umeme wa upepo. Ukiiona, umeshapata habari kuhusu upepo utakaokuta ziwani.

Kabla ya kuondoka:

- Jaza mafuta Lodwar, Marsabit au Maralal. Usitegemee kupata mbele ya hapo.
- Beba magurudumu mawili ya akiba na maji ya kunywa yasiyopungua lita tano kwa kila mtu kwa siku.
- Ulizia hali ya usalama kwa polisi au ofisi ya chifu siku hiyohiyo ya safari. Maeneo ya Baragoi na Bonde la Suguta, pamoja na mpaka wa Turkana na Pokot, yamekuwa na visa vya wizi wa mifugo.
- Usisafiri usiku.
- Ukifika kwenye laga, yaani mto mkavu wa mchanga, usipige kambi ndani yake hata kama mbingu ni nyeupe. Mvua inayonyesha milimani mbali inaweza kuijaza kwa muda mfupi. Maji yakiwa yanapita, subiri yapungue.

Mvua ni chache, chini ya milimita 250 kwa mwaka sehemu nyingi. Hunyesha zaidi kati ya Machi na Mei, na kidogo kati ya Oktoba na Desemba. Joto la mchana hufika nyuzi 35 hadi 40 karibu mwaka mzima.

3. Kwenye boma la wafugaji

Fika kwanza kwa chifu au kwa wazee. Mara nyingi utawakuta chini ya mti. Shuka kwenye gari, wasalimie kwa mikono, anza na aliye mkubwa kwa umri, kisha keti. Kwa Waturkana unaweza kusema "ejok", kwa Wasamburu "supa", kwa Wagabra "nagaa". Usianze kueleza shida yako kabla ya kuulizana habari za mvua, malisho na mifugo. Mazungumzo hayo ndiyo yanayowaeleza wewe ni mtu wa namna gani.

Kigoda kidogo cha mti ambacho mzee wa Kiturkana hutembea nacho huitwa ekicholong. Mchana ni kiti, usiku ni mto wa kichwa. Ni mali yake binafsi. Usikikalie bila kukaribishwa.

Asubuhi na jioni ni saa ya kukama. Mama huchukua kibuyu kilichooshwa na kufukizwa kwa kijinga cha moto, akapangusa makaa yaliyobaki ndani, ndipo akakama. Moshi ule husaidia maziwa yasiharibike upesi, na ndio unaoyapa ladha utakayoionja. Simama kando, usiingie zizini na usiwashe taa kali ya simu, kwa maana mnyama aliyeshtuka huzuia maziwa, na maziwa yaliyozuiwa ni chakula cha watoto.

Kuna mambo manne ya kuepuka:

- Usiulize mtu ana mifugo mingapi, wala usiihesabu kwa sauti. Ni sawa na kumwuliza mtu wa mjini ana shilingi ngapi benki, na wengi huamini kuhesabu huleta mkosi.
- Usiingie nyumbani bila kukaribishwa na mama mwenye nyumba. Kwa Warendille na Wagabra, wanawake ndio wanaojenga nyumba za miti na mikeka, na ndio wanaozibomoa na kuzifunga juu ya ngamia boma linapohama.
- Usiruke zamu kisimani. Kila kundi la mifugo lina zamu yake. Gari lako halina zamu, kwa hiyo omba, na ukikataliwa, kubali.
- Usiguse mawe yaliyorundikwa. Mengi ni makaburi.

Kumbuka pia hali waliyopitia. Kati ya mwaka 2020 na 2023 misimu mitano ya mvua mfululizo ilishindwa, na zaidi ya mifugo milioni 2 ilikufa katika kaunti kame za Kenya. Unaweza kuketi na mtu aliyekuwa na mbuzi mia na sasa ana kumi. Akitaka kusimulia, msikilize. Asipotaka, usimchimbe.

4. Kwenye kijiji cha wavuvi

Waelmolo wanaishi hasa Layeni na Komote. Zamani walivua kwa chusa wakiwa juu ya chelezo cha magogo ya mkoma, na nyumba zao zilikuwa za makuti ya mti huohuo. Leo wengi hutumia mashua za mbao na nyavu.

Tangu karibu mwaka 2019 maji ya ziwa yamepanda. Komote, palipokuwa pakifikika kwa miguu, pamezungukwa na maji, na watoto huenda shule kwa mashua. Baadhi ya makaburi na mahali pa ibada pamezama. Kwa hiyo ukiambiwa "hapa tusipite", geuza njia bila kubishana, hata kama unaona maji matupu.

Upande wa magharibi, Kalokol ina funzo kwa kila anayekuja na wazo la kuwasaidia wenyeji. Karibu na mwaka 1980, kwa fedha za Norway, kilijengwa hapo kiwanda cha kugandisha samaki ili wafugaji wa Kiturkana wageuke wavuvi wa kibiashara. Gharama za umeme wa kugandishia zilizidi faida, kisha maji ya Ghuba ya Ferguson yakarudi nyuma. Kiwanda kilikwama. Biashara iliyodumu ni ile isiyohitaji umeme: sangara na ngege hupasuliwa, hutiwa chumvi, huanikwa wakawa ng'onda, kisha hupakiwa kwenye malori kwenda kusini, na wengine huvuka mpaka hadi Kongo.

Ukifika ufuoni, samaki wanaoanikwa ni mali ya mtu. Usivuke juu ya vichanja, usikanyage nyavu zilizotandazwa, na nunua kwa mwanamke aliyewakausha wala si kwa dalali aliyekufuata kwenye gari.

5. Majini: fuata saa za upepo

Upepo wa kusini mashariki huvuma kwa nguvu usiku na asubuhi, kisha mara nyingi hutulia mchana. Mawimbi yake yanaweza kupindua mashua ndogo. Mwaka 1934, wanachama wawili wa msafara wa mtafiti Mwingereza Vivian Fuchs walivuka kwenda Kisiwa cha Kusini. Hawakurudi, wala miili yao haikupatikana.

- Tafuta mashua kupitia kikundi cha usimamizi wa ufuo (BMU). Watakuonyesha nahodha anayejulikana.
- Kila abiria avae jaketi la kuokolea maisha tangu ufuoni. Kama hayatoshi, punguza abiria.
- Nahodha akisema "leo hatuendi", usimwongezee pesa ili abadili nia.
- Usioge wala kuchota maji penye matete au mahali usipowaona wenyeji wakioga. Mamba ni wengi, na Kisiwa cha Kati ni mojawapo ya mazalia yao makubwa.

6. Picha, malipo na zawadi

Omba ruhusa kabla ya kutoa kamera. Kwa mtoto, mwulize mzazi. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamlinda mchungaji wa Kargi kama inavyomlinda mwenye duka Nairobi. Mtu akiomba malipo ya picha, patana naye wazi au acha. Usipige kwa kujificha.

Patana ada ya kijiji, ya mwongozaji na ya mashua kabla ya kuanza, na mlipe aliyeteuliwa na wenyeji. M-Pesa hufanya kazi penye mtandao; beba pia noti ndogo.

Zawadi zinazopokelewa kwa heshima ni majani ya chai, sukari na unga, zikikabidhiwa wazee au kina mama. Usitupie watoto peremende kutoka dirishani. Huwafundisha kukimbilia magari. Shanga nunua kwa aliyezitunga. Usimwombe mtu akuuzie alizovaa shingoni.

7. Afya

Beba dawa zako zote na wasiliana na daktari kuhusu kinga ya malaria. Lala ndani ya chandarua. Usikae jioni karibu na vichuguu vya mchwa, kwa sababu usubi wanaojificha humo hueneza kala-azar. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula na usichezee mbwa. Turkana imekuwa na viwango vya juu sana vya ugonjwa wa hidatidi, unaoletwa na mayai ya minyoo yaliyo kwenye kinyesi cha mbwa. Kung'uta viatu asubuhi, huenda nge amelala ndani.

Ukipewa maziwa mabichi na unahofia tumbo, pokea kwa mikono miwili, shukuru, na eleza kwa upole kwamba tumbo lako halijazoea. Hakuna atakayekasirika. Kinachoudhi ni kukunja uso.

8. Sheria za kukumbuka

Hifadhi za Sibiloi, Kisiwa cha Kati na Kisiwa cha Kusini ziko kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 1997 na 2001, na tangu 2018 zimo katika orodha ya urithi ulio hatarini. Ada za kuingia hulipwa kupitia eCitizen. Plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku katika maeneo ya hifadhi tangu Juni 2020.

Usiokote mfupa wala jiwe lililochongwa. Upande wa magharibi, huko Nariokotome, ndiko Kamoya Kimeu alikogundua mwaka 1984 mabaki ya kijana aliyeishi kama miaka milioni 1.5 iliyopita. Kipande unachoweza kukidharau huenda kina thamani kubwa kwa watafiti, na kukichukua ni kosa chini ya Sheria ya Makavazi na Urithi ya 2006.

9. Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

*Je, tamasha la Loiyangalani linatosha kuwafahamu watu hawa?* Tamasha la Ziwa Turkana, lililoanza 2008, hukusanya jamii nyingi mahali pamoja, na ni mwanzo mzuri. Lakini mavazi ya sherehe hayakuonyeshi kazi ya kila siku. Ongeza siku mbili kijijini.

*Tunaweza kuleta nguo za msaada?* Uliza kwanza shule au zahanati inahitaji nini. Mara nyingi jibu huwa tangi la maji au vitabu.

*Tunaweza kupiga kambi popote?* Hapana. Ardhi inayoonekana tupu ni malisho ya mtu. Omba mahali kwa wazee, na usikate mti kwa ajili ya kuni.

10. Kagua kabla ya kuondoka kijijini

- Umemaliza malipo yote uliyopatana?
- Umechukua takataka zako, pamoja na chupa na betri?
- Umezima moto kwa mchanga, si kwa maji ya kunywa?
- Umeaga wazee waliokupokea?
- Umeandika jina na namba ya kila mtu uliyemwahidi picha? Zitume ndani ya wiki ya kwanza. Mwongozaji wako ndiye atakayeulizwa ukikaa kimya, na mgeni atakayekufuata ndiye atakayenyimwa ruhusa.