Karatasi Zimeshasahihishwa, Sasa Wazazi Wanaomba Nini?



Leo naomba tuache kidogo habari zetu sisi tunaofanya mitihani, tuwatazame wanaokosa usingizi kwa ajili yetu. Swali la somo hili si langu. Nimelipata Wete, kisiwani Pemba, ninakofanya mwaka wangu wa kichungaji baada ya kumaliza falsafa. Baba mmoja wa jumuiya, ambaye binti yake alimaliza kidato cha nne Novemba, aliniuliza: "Frateri, karatasi zimeshafanywa, zimeshasahihishwa, alama zimeshaandikwa. Mimi na mama yake tunasali rozari kila usiku. Sasa hapo Mungu atabadilisha nini?"

Hilo ni swali la mtu anayefikiri, na kumjibu "wewe sali tu" ni kumdharau. Tulilijadili kwenye jumuiya Alhamisi mbili mfululizo. Nawaandikia yaliyopatikana, pamoja na niliyoongeza kutoka vitabuni.

Kwanza tuelewe wazazi wanasubiri nini hasa. Zanzibar ina Baraza lake la Mitihani, ambalo husimamia madarasa ya chini na kidato cha pili. Lakini mtihani wa kidato cha nne ni wa NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Kwa hiyo mzazi wa Micheweni na mzazi wa Mbeya wanasubiri siku moja, kwenye tovuti moja. Siku yenyewe haitangazwi mapema. Matokeo ya mtihani wa 2022 yalitoka Januari 29, 2023. Ya 2023 yakatoka Januari 25, 2024. Ya 2024 yakatoka Januari 23, 2025. Basi kuanzia katikati ya Januari kila simu ikilia, mtu anashtuka. Na wanaosema "eti yametoka leo" wakati hayajatoka, jamani, Mungu awasamehe.

Matokeo hayaonyeshi jina, yanaonyesha namba ya mtahiniwa tu. Inaonekana kama siri, lakini si unajua mitaa yetu. Namba ya binti wa Mama Fulani inajulikana mpaka kwa muuza samaki, na kabla mwenyewe hajapata bando la kufungua, jirani ameshajua.

Sasa turudi kwenye swali. Nafurahi kwamba sikukuu ya Mtakatifu Tomaso wa Akwino, Januari 28, huangukia siku hizohizo, kwa sababu yeye ndiye anayetusaidia hapa. Tomaso aliuliza waziwazi, katika swali la 25 la sehemu ya kwanza ya Summa yake, kama Mungu anaweza kufanya jambo lililokwisha kutokea liwe halikutokea. Jibu lake ni hapana. Si kwamba Mungu amepungukiwa nguvu. Ni kwamba jambo hilo linajipinga lenyewe, kama kusema mtu amekaa na hakukaa kwa wakati mmoja. Binti akiwa ameandika jibu lisilo sahihi kwenye Hesabu siku ile ya Novemba, ameliandika. Rozari ya Januari hailifuti.

Baba yule aliposikia hivyo alicheka kwa uchungu kidogo, akasema, "Kwa hiyo tumepoteza usiku wote huo?" Hapana. Tomaso huyohuyo, kwenye swali la 83 la sehemu ya pili, anafundisha kwamba hatusali ili tumbadilishe Mungu mawazo. Tunasali ili tupokee yale aliyokwisha kupanga yatupate kwa njia ya sala. Na Mungu hasubiri kalenda kama sisi. Sala yako ya Januari aliijua Novemba, aliijua kabla binti hajazaliwa. Kwa hiyo mzazi anayesali kabla hajajua matokeo hafanyi jambo la kipuuzi. Anaomba juu ya kitu ambacho kwake yeye bado kimefunikwa, lakini mbele ya Mungu sala hiyo ilikuwepo tangu mwanzo. Mimi naona mpaka uko hapa: ukishaona F kwenye skrini, ukapiga magoti kuomba iwe C, hapo umetoka kwenye sala, unamwomba Mungu aseme uongo.

Mwanafalsafa akifika hapo anaridhika. Mzazi haridhiki, na ana haki, kwa sababu kinachomkosesha usingizi si alama peke yake.

Mama mmoja mle jumuiyani alisema neno ambalo nadhani ndiyo kiini cha somo lote. Alisema: "Sikilizeni tunavyoongea. Mtoto akipata divisheni wani tunasema tumefaulu. Akipata ziro, tunasema amefeli. Na baba yake ananiambia mwanao amefeli." Watu walicheka sana, kisha pakawa kimya. Nenda kasikilize nyumbani kwenu. Kiswahili chetu kinatusuta. Kwenye ushindi sote tumo, kwenye aibu mtoto anaachwa peke yake na mama yake.

Pemba kuna msimu wa karafuu, na watu hufikiri kwa karafuu. Shirika la ZSTC hununua karafuu kwa madaraja, la kwanza, la pili, la tatu, na ikinyeshewa juani kabla haijakauka hushuka daraja. Mzee mmoja akatumia mfano huo: wazazi tumepanda, tumechuma, tumeanika, sasa tunasubiri mzani. Akaongeza kwamba hata makonyo, vile vijiti vinavyobaki karafuu ikichambuliwa, hayatupwi. Yanapelekwa kiwanda cha Wawi kule Chake Chake yakakamuliwa mafuta. Yaani hata aliyepata ziro ana kazi yake.

Mfano ni mzuri na wazee waliupenda. Mimi sikuupenda, na nikasema, kwa heshima zote. Mtoto si zao. Karafuu ipo kwa ajili ya anayeivuna, ndiyo maana ni haki kuipima kwa faida yake. Binti hakuzaliwa awe faida ya baba yake, hata kama baba ameuza kiwanja kulipa ada na tuisheni. Ukishamwona kama zao, huwezi kukwepa siku utakayomwita makonyo.

Tunaye mtakatifu aliyepita katika nyumba ya namna hii. Mtakatifu Agostino alizaliwa mwaka 354 Thagaste, Afrika ya kaskazini, mji ambao leo uko Algeria. Baba yake, Patrisi, hakuwa tajiri. Agostino akiwa na miaka 16 alikaa nyumbani mwaka mzima bila masomo, kwa sababu baba alikuwa bado anakusanya fedha za kumpeleka Karthago. Majirani walimsifu mzee kwa kujibana vile. Lakini Agostino, alipoandika Maungamo yake miaka mingi baadaye, hakumsifu sana: anasema baba alijali mwanawe awe msemaji hodari, na hakujali anakuwa mtu wa namna gani. Hata mama yake, Monika tunayemheshimu sote, anaguswa. Agostino anasema mama naye hakutaka kuharakisha kumwoza, kwa kuhofia ndoa ingezuia matumaini ya elimu. Watakatifu nao walikuwa wazazi wa kidato cha nne!

Patrisi alifariki mapema, hakuona mwanawe amefikia wapi. Monika aliendelea kungoja, na kadiri alivyongoja, kitu alichokingoja kilibadilika. Agostino alipata kila alichotakiwa kukipata kwa vipimo vya dunia: akawa mwalimu wa ufasaha Karthago, Roma, hatimaye Milano penyewe. Kwa lugha yetu, wani ya saba. Na mama bado alikuwa analia. Alichokuwa akikisubiri kilikuja Pasaka ya mwaka 387, Agostino alipobatizwa na Mtakatifu Ambrosi, akiwa na miaka 32. Mwaka huohuo Monika akafariki kule Ostia.

Simaanishi kwamba divisheni haina maana. Sipendi mahubiri yanayowaambia maskini kwamba shule si kitu, hasa yakitoka kwa sisi tuliosomeshwa na Kanisa. Kwa mtoto wa Wete au Mkoani, C tatu za kumpeleka kidato cha tano ni mlango mkubwa, na mlango huo ukifungwa binti mara nyingi anaumia kuliko kijana wa kiume: maneno ya kumwozesha huanza wiki hiyohiyo. Ndiyo maana Tomaso anasema tumaini lina sifa nne: ni la jambo jema, la wakati ujao, gumu, na linalowezekana. Mzazi anayesubiri ana zote nne, basi hofu yake si ukosefu wa imani. Tatizo linakuja pale jambo jema linapokuwa ni namba peke yake.

Na namba yenyewe ni kipimo cha binadamu. Wakubwa wetu wanakumbuka matokeo ya mtihani wa 2012, yaliyotangazwa Februari 2013. Zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata ziro. Serikali iliunda tume, na Mei mwaka ule matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Kuna watoto waliokwenda kulala wakiwa wamefeli, wakaja kuambiwa miezi mitatu baadaye kwamba wamefaulu, na jibu walilokuwa wameandika ni lilelile. Kuanzia Januari 2023 NECTA imeacha pia kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Nyumbani kwetu kumi bora bado ipo: unalinganishwa na binamu yako mpaka unaogopa kwenda sikukuu.

Kwa hiyo tulikubaliana kwenye jumuiya kwamba rozari iendelee, lakini nia zibadilike. Wazazi walizitunga wenyewe, mimi nilizipanga tu. Wanaomba yaliyoandikwa yawe yamesahihishwa kwa haki. Wanaomba midomo yao ilindwe saa ile ya kwanza, kwa sababu neno la saa ya kwanza mtoto hulibeba miaka. Wanaomba na kwa ajili ya mtoto wa jirani. Hii ya mwisho ilitoka kwa mama ambaye ukuta wake umegusana na wa jirani Mwislamu, na mabinti zao wamekaa darasa moja miaka minne. Huku rozari, kule dua, na asubuhi wanaulizana kisimani, "Bado?" "Bado, shoga yangu."

Na wewe kijana unayesubiri? Mtakatifu Yosefu wa Kupertino, msimamizi wa wanaofanya mitihani, masimulizi husema alifaulu kuingia upadre kwa sababu askofu aliridhika na wa kwanza kujibu, akawapitisha waliobaki bila kuwauliza. NECTA haina utaratibu huo. Lakini unayo kazi moja kabla ya siku yenyewe: kaa na mzazi wako, mwambie wewe mwenyewe unategemea nini, karatasi gani ilikuwa ngumu. Usimwache alipie peke yake usiku wote huo halafu ashtukizwe na jirani. Na kama kuna wazo la kujidhuru limekupitia, usilibebe hata usiku mmoja. Mwambie mtu mzima unayemwamini leo, awe padre, mwalimu, shangazi, au mtu wa kituo cha afya.

Siku ikifika, msifungue mkiwa umati. Wawili au watatu wanatosha. Ikiwa divisheni fo au ziro, msiamue chochote siku ile: si ndoa, si kumpeleka mjini kwa ndugu akafanye kazi za ndani. Wiki inayofuata ndiyo muulizie mambo mawili. La kwanza ni mafunzo ya amali. Kwa Pemba kipo kituo cha Vitongoji, na mwende mkakione wenyewe, si kusimuliwa. La pili ni kurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Usajili wake hufunguliwa mapema mwanzoni mwa mwaka, na anayechelewa hulipa faini, kwa hiyo msingoje mpaka baada ya Pasaka. Bebeni namba ya mtihani ya zamani, mtaulizwa.