Kupatia si Kuthibitisha: Mwongozo wa Risechi kwa Mwanafunzi wa Saikolojia

Julai 1858 mpelelezi wa Kiingereza John Hanning Speke aliondoka Kaze, makazi ya wafanyabiashara wa misafara karibu na Tabora ya leo, akashika njia ya kaskazini. Mwenzake, Richard Burton, alibaki. Tarehe 3 Agosti Speke aliliona ziwa kubwa akiwa eneo la Mwanza, na palepale akakata shauri kwamba hicho ndicho chanzo cha Mto Nile. Aliporudi Kaze kabla mwezi haujaisha, Burton alimgomea. Ushahidi uko wapi? Ameona pembe moja tu ya ziwa, mto unaotoka humo hajauona, na ukubwa wa ziwa kaupata kwa kuulizia watu.

Leo tunajua Speke alipatia. Ila kwenye mtihani wa mbinu za utafiti, maksi zingekwenda kwa Burton. Speke alirudi tena, na mwaka 1862 akauona mto ukitoka ziwani pale Jinja. Hata hivyo ubishi haukuzimika hadi Henry Morton Stanley alipolizunguka ziwa lote kwa mashua mwaka 1875. Ni miaka 17 kati ya kupatia na kuthibitisha.

Burton naye tusimpambe sana. Kitabu chake cha mwaka 1860 kuhusu safari hiyo kimejaa hukumu nzito juu ya akili na tabia za watu wa bara, na aliowaona ni wapagazi, wenyeji wake wa Kiarabu na watu wa vijiji vilivyo kando ya njia. Aliyemdai mwenzake ushahidi kuhusu maji hakujidai ushahidi kuhusu binadamu. Na kazi ya saikolojia ni binadamu.

Makala hii ni kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayefanyia risechi yake Tabora. Huenda unasomea ualimu AMUCTA, chuo kilichoanza kama chuo kikuu kishiriki cha Mtakatifu Augustino, ambako saikolojia ni sehemu ya mafunzo ya mwalimu. Huenda umetoka Dodoma au Dar es Salaam na nyumbani kwenu ni Nzega. Vyovyote vile, somo la mbinu za utafiti utalikuta, na kama ilivyo kwa wengi litakutisha kwa sababu ya takwimu. Takwimu hazina neno. Kinachoangusha risechi nyingi ni swali, tena huziangusha kabla dodoso hata moja halijachapwa.

Tazama vichwa vya risechi kwenye rafu ya maktaba yoyote: athari za simu kwa ufaulu, athari za malezi ya mzazi mmoja, athari za adhabu ya viboko, kisha nukta mbili na "uchunguzi kifani wa Manispaa ya Tabora." Ukisema athari umedai kwamba kitu kimoja kinasababisha kingine. Sasa fungua sura ya tatu uone mtafiti alifanya nini: aligawa dodoso mara moja, siku moja. Dodoso la siku moja linaweza kukuonyesha kwamba wenye simu wana maksi za chini, au za juu. Haliwezi kukuambia simu ndiyo iliyofanya hivyo. Pengine mwenye simu ni wa kutwa na asiye nayo ni wa bweni, au kipato cha nyumbani ndicho kilicholeta simu na maksi kwa pamoja. Kwa hiyo kabla ya yote amua unauliza swali la aina gani. Unataka kujua hali ikoje? Mambo mawili yanakwenda pamoja? Au moja linasababisha lingine? La tatu linataka jaribio, na jaribio si lazima liwe na maabara.

Hili hapa unaweza kulifanya darasani bila gharama. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha utafiti ambamo wanafunzi walisoma kifungu kifupi, kisha baadhi wakakisoma tena na wengine wakafunga karatasi na kuandika wanachokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Walipopimwa baada ya siku 2, na baada ya wiki, waliojipima wenyewe ndio walioongoza. Liwekee jaribio hilo mazingira yako. Andika kifungu cha maneno kama 250 kuhusu ufugaji wa nyuki kwenye misitu ya miombo ya Sikonge: mizinga ya magome, namna ya kuipandisha mtini, moshi, msimu wa kurina asali. Kunja vikaratasi, nusu A na nusu B, kila mtu achote chake. Usigawe kwa mistari ya madawati, maana wanaokaa mbele na wanaokaa nyuma si watu wa aina moja, na tofauti hiyo itaingia kwenye matokeo yako bila kubisha hodi. Wote wasome kwa dakika 7. Kisha A wasome tena, B waandike wanachokumbuka. Baada ya wiki, wote waandike.

Hapo ndipo penye kazi. Kabla hujaona karatasi hata moja, gawanya kifungu chako katika hoja ndogondogo, tuseme 30, na kila hoja iliyokumbukwa ipate alama moja. Anayesahihisha asijue karatasi ni ya A au ya B. Akijua, mkono wake utaegemea upande anaoutaka, hata kama ni mtu mwaminifu kuliko wote chuoni. Wape watu wawili wasahihishe karatasi zilezile kila mmoja kivyake, halafu linganisha. Wakitofautiana sana, ubaya uko kwenye orodha yako ya hoja. Kwa zoezi hilo moja utakuwa umegusa ugawaji wa bahati nasibu, upofu wa msahihishaji na uthabiti wa kipimo. Niliyoyaorodhesha hapo huchukua muhula mzima ubaoni.

Upande wa pili wa njia ya misafara, Bagamoyo, kuna utafiti ambao kila mwanafunzi wa saikolojia Tanzania angepaswa kuujua. Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao waliwapima watoto zaidi ya 400 wa shule za vijijini kwa mafumbo ya kufikiri, yakiwemo ya kupanga vitu katika makundi na ya kugundua jambo kwa kuuliza maswali 20. Kundi moja lilifundishwa mbinu za kushughulikia maswali ya namna hiyo kwa muda usiofika saa moja, kundi linganishi halikufundishwa, kisha wote wakapimwa tena. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002. Waliofundishwa walipanda, na zaidi ya hapo, alama zao za mwanzo zilikuwa na uhusiano hafifu na za mwisho. Maana yake, mtoto aliyeonekana mzito asubuhi huenda alikuwa hajawahi kuonana na swali la namna ile. Bila kundi linganishi mtu angesema wamepanda kwa sababu wamerudia mtihani, na wewe ungekosa la kumjibu.

Sasa sampuli. Tabora ina mtego wake. Mwanafunzi anataka kupima hofu ya mitihani kwa wanafunzi wa sekondari wa Tabora, na shule anayoiona kwanza ni Tabora Boys, shule kongwe yenye jina. Lakini hiyo ni shule ya vipaji maalumu, inapokea vijana waliochaguliwa kutoka nchi nzima. Utakuwa umepima hofu ya vijana wenye ufaulu wa juu wanaolala bweni, kisha ukaandika juu ya jalada kwamba hao ndio wanafunzi wa Tabora. Mkoa huu, kwa sensa ya 2022, una watu zaidi ya milioni 3.3, na wengi wao wako Uyui, Kaliua, Urambo, Igunga na kwingineko, nje ya manispaa. Huna nauli ya kuzunguka kote? Hakuna anayekudai uzunguke. Chukua shule tatu za kutwa za manispaa, omba orodha ya wanafunzi, chagua kwa bahati nasibu kutoka kwenye orodha, na mwisho sema hao ndio uliowapima. Wakubwa wenyewe wana deni hili. Mwaka 2010 Joseph Henrich, Steven Heine na Ara Norenzayan waliikumbusha dunia kwamba, kwa hesabu ya majarida makubwa ya saikolojia, asilimia 96 ya waliochunguzwa walitoka nchi tajiri za Magharibi zenye asilimia 12 tu ya watu wote duniani. Sehemu kubwa ya kitabu chako cha kiada imejengwa juu ya hao.

Si kwamba sampuli ndogo haina thamani. Mary Ainsworth alifanya utafiti wake katika vijiji vya Waganda karibu na Kampala, miaka ya 1954 na 1955, kwa familia 26 tu. Alizitembelea nyumbani kila baada ya wiki mbili kwa miezi kadhaa, akitazama mtoto anafanya nini mama akiondoka na akirudi. Kitabu kilitoka 1967, na kazi hiyo ni moja ya nguzo za nadharia ya mapenzi ya mtoto kwa mlezi mpaka leo. Alikuwa na msaidizi na mkalimani, Katie Kibuka, na inafaa umkumbuke unapofika Uyui na dodoso la Kiswahili mkononi mbele ya bibi anayezungumza Kinyamwezi. Speke hakujua Kiswahili. Kila alichosikia kilipitia kwa Sidi Mubarak Bombay, ambaye alizungumza naye Kihindustani. Hesabu mikono ambayo habari ilipita kabla haijaingia daftarini. Kwako dawa ni kumpa mtu mmoja atafsiri dodoso, na mwingine ambaye hajaliona la awali alirudishe kwenye lugha ya kwanza, kisha mkae chini mlinganishe.

Dodoso lenyewe lisome kwa jicho la mtoto wa kidato cha pili. "Walimu wangu wananipenda na kunisaidia." Hayo ni maswali mawili, anayesaidiwa bila kupendwa aweke alama ya vema wapi? "Je, wewe ni mwanafunzi mwenye nidhamu?" Nani atakataa, mwalimu wa zamu akiwa mlangoni? Mwombe mwalimu, kwa heshima zote, atoke nje, na bahasha ifungwe mbele yao. Weka pia sentensi chache zinazokwenda kinyume na nyingine, umkamate aliyeshusha vema kwenye safu moja toka juu hadi chini. Lijaribu kwanza kwa wanafunzi 10 wasio wa shule zako, na uwaulize kila sentensi wameielewaje. Wengi huruka hatua hii kwa kisingizio cha muda, kisha wanalia wakati wa kuchambua.

Vibali vina ngazi zake. Chuo kinakupa barua ya utambulisho, inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka halmashauri, kwa mtendaji wa kata, hadi kwa mkuu wa shule au mwenyekiti wa kijiji. Tembea na nakala nyingi na uanze na shikamoo. Utafiti unaogusa afya unaweza kukupeleka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, muulize msimamizi mapema. Mshiriki aliye chini ya miaka 18 anahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi, na yeye mwenyewe pia akubali. Mtoto akisema hataki, imekwisha, hata kama baba yake ameshasaini. Majina usiyoyahitaji usiyachukue, maana tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika mwaka 2023, daftari la majibu yenye majina ni dhamana kisheria. Ukiuliza kuhusu huzuni au kukata tamaa, kabla hujaanza ujue utampeleka wapi atakayesema amelemewa: mshauri wa shule, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete. Maswali ya vita na ukatili kwa wakimbizi wa Kigoma yaache kwa waliofunzwa. Shahada ya kwanza haijakupa mikono ya kushika jeraha hilo.

Uchambuzi sina mengi ya kuusemea. SPSS ni ghali na nakala za wizi huja na virusi. JASP na jamovi ni za bure na zinatosha. KoboToolbox inakusanya majibu kwenye simu hata pasipo mtandao. Na ukiwa na nadharia tete moja, iandike kwenye karatasi, uweke tarehe na umkabidhi msimamizi kabla ya kukusanya data. Watafiti walioshirikiana kurudia tafiti 100 za saikolojia walitoa majibu mwaka 2015: kati ya tafiti za awali, asilimia 97 zilidai matokeo yenye uzito wa kitakwimu, na ziliporudiwa ni asilimia 36 tu zilizoyapata. Sababu mojawapo inayotajwa ni watu kuchakura data hadi kitu kionekane, kisha kuandika kana kwamba ndicho walichokuwa wakikitafuta.

Kuhusu steshenari zinazouza risechi iliyokwisha kuandikwa, wenye duka wanajua wanachouza na wewe unajua unachonunua. Utajulikana siku ya utetezi, kwa swali la kwanza kuhusu sampuli yako.

Kalenda nayo ina kauli. Septemba ni mtihani wa darasa la saba, Novemba kidato cha nne, na mvua zikianza, familia za vijijini zinahamia kwenye tumbaku na barabara za Kaliua zinakuwa tope. Barua zianze kutembea mapema, ukusanye data wakati wa kiangazi shule zikiwa wazi. Ripoti ikipita, rudisha kurasa mbili za Kiswahili chepesi kwa kila shule iliyokupokea.

Na sentensi ya hitimisho iandike kwa umbo hili, namba ukiweka zako: "Miongoni mwa wanafunzi 120 wa kidato cha tatu waliochaguliwa kwa bahati nasibu katika shule tatu za kutwa za Manispaa ya Tabora, waliosema wanalala saa chache zaidi walikuwa pia na alama za juu zaidi za hofu ya mitihani, lakini utafiti huu hauwezi kuonyesha lipi lilitangulia." Jopo likikuuliza mbona hukusema kukosa usingizi kunaleta hofu, wafungulie sura ya tatu.