Dari ya depo: tufunge, tupitishe hewa, kiisha tuweke makapi

Koperative nyingi zinatuuliza namna ya kupunguza joto la mabati mu depo. Swali ni la maana: mahindi yanayongojea bei ipande yanakaa miezi mingi chini ya bati, na joto linafanya vidudu vizaane haraka. Lakini watu wanakimbilia kumwaga makapi ya mpunga juu ya plafo siku ileile. Mvua zikianza, makapi yanalowa, plafo inainama, mifuko inaota ukungu.

Maji yanatoka wapi? Hata mahindi makavu yanatoa unyevu kidogo kidogo, na hewa yenye joto inapanda. Kama plafo iko na matundu, inafika mpaka kwenye bati. Usiku, katika milima ya Masisi ao Kabare, bati linapoa sana, na ile hewa inageuka matone, sawa vile chini ya mfuniko wa sufuria. Watu wanasema bati limetoboka, wanapaka gudron, na maji yanaendelea kuanguka.

Basi tuanze na bati. Saa nane za mchana mtu mmoja apande darini, wengine wafunge mlango. Kila mwangaza anaouona kwenye bati, atie alama ya chaki. Mara nyingi ni musumari uliolegea. Kiisha plafo: pale inapokutana na ukuta, kando ya nguzo, penye nyaya za sola zinapita. Udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga unatosha. Ukikauka unapasuka, kwa hiyo turudie kujaza. Mlango wa kupandia nao ubane vizuri.

Sasa hewa. Tuache matundu ya chini pande zote mbili, chini ya ukingo wa bati, na mengine juu kwenye kuta za ncha. Hewa baridi inaingia chini, ya moto inatoka juu. Tuweke wavu wa chuma wenye macho ya milimita 6, juu mtoto wa panya anapita penye kidole kidogo kinapita. Wavu wa mbu ataukata tu. Matundu haya hayafungwi, hata masika. Madirisha ya depo yenyewe ni jambo lingine: yale tunafungua saa kavu za mchana, tunafunga usiku na wakati wa mvua.

Makapi yawe makavu, yaliyopepetwa (punje zikibaki, panya wanafuata), unene wa sentimita 10 hivi. Mbao isimame pembeni yasizibe matundu. Makapi yanaungua polepole bila ndimi za moto, kwa hiyo nyaya zisilale ndani yake, na taa ya petroli isipande kule hata kidogo.

Dari nzuri haikaushi mahindi. Yakiingia na unyevu kupita asilimia 13, ukungu unaweza kuleta aflatoksini, sumu inayoharibu ini, na kupika hakuiondoi.

Kisha mvua kubwa ya kwanza, mwenye kulinda depo apande, aingize mkono ndani ya makapi. Akisikia ubaridi wa maji, yaondolewe pale, tundu litafutwe kabla ya mifuko mingine kuingia.