Somo la wiki: Viini vinane vya kishikwambi havina uzito mmoja

Mnunuzi anayezunguka maduka ya elektroniki ya Kariakoo jijini Dar es Salaam, au yale ya Luthuli jijini Nairobi, akitafuta kishikwambi cha kazi hukuta maandishi yaleyale juu ya kila boksi: prosesa ya viini vinane. Cha bei ya chini kina vinane, cha bei ya kati kina vinane, na cha bei mara tatu ya hiyo nacho kina vinane. Mfanyabiashara anayeamini kuwa nane ni nane huchukua cha rahisi na kuondoka. Baada ya miezi michache kishikwambi hicho huwa kimerushiwa watoto nyumbani, naye yuko dukani tena na fedha nyingine mkononi.

Prosesa ndiyo inayofanya hesabu zote ndani ya kifaa, na kiini ni sehemu ya prosesa inayoweza kushika kazi yake peke yake. Viini vya karibu vishikwambi vyote vya Android vinatokana na michoro ya kampuni ya ARM ya Cambridge, Uingereza. ARM huuza michoro au haki ya kuitumia. Makampuni kama MediaTek ya Taiwan, Qualcomm ya Marekani na Unisoc ya China huichukua na kuunda prosesa zenye majina yao.

Michoro hiyo ina madaraja. Cortex-A53 iliyotangazwa mwaka 2012, na Cortex-A55 ya mwaka 2017, ni viini vidogo vinavyokula umeme kidogo na kwenda polepole. Cortex-A73 ya mwaka 2016, A75 ya mwaka 2017 na A76 ya mwaka 2018 ni viini vikubwa. Mtindo wa kuchanganya vikubwa na vidogo katika prosesa moja ARM iliutangaza mwaka 2011, kwa nia kwamba vidogo vishike kazi nyepesi ili betri idumu, na vikubwa viamke pale panapohitajika nguvu.

Hapa ndipo mnunuzi anapotegwa. Kufungua programu, kuonyesha ukurasa wa intaneti au kusogeza jedwali la hesabu ni kazi ambazo sehemu kubwa hupita katika kiini kimoja au viwili tu. Safu moja ya daftari la hesabu haijumlishwi na makarani wanane kwa mara moja. Anatakiwa mmoja aliye mwepesi. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni "vikubwa ni vingapi, na ni vya daraja gani?" Muuzaji asiyejua anaweza kuombwa jina kamili la prosesa, nalo linatosha.

Mathalani, Unisoc SC9863A ina viini vinane, vyote A55. Helio P22T ya MediaTek, iliyowekwa katika Samsung Galaxy Tab A7 Lite ya mwaka 2021, ina vinane vya A53. Hakuna kikubwa hata kimoja katika hizo mbili. Unisoc T606 ina A75 viwili na A55 sita. T618, iliyomo katika Galaxy Tab A8 iliyotangazwa mwaka 2021, ina mpangilio huohuo kwa kasi ya juu zaidi. Helio G99 ya mwaka 2022 ina A76 viwili vya gigahezi 2.2 na A55 sita. Ndiyo iliyotumika katika Galaxy Tab A9 ya mwaka 2023. Snapdragon 680 ya Qualcomm ina vinne vinavyotokana na A73, na vinne vinavyotokana na A53.

Kwa mtu anayetuma na kupokea fedha, kuandika risiti, kusoma barua pepe, kufuatilia bei za hisa na kuzungumza na wateja kwa WhatsApp, T606 ndiyo sakafu. Chini ya hapo ni kujitafutia adha. G99 inatosha kwa miaka kadhaa bila malalamiko. Kinachopanda juu ya hapo, hususan prosesa za Snapdragon za mfululizo wa 8, sehemu kubwa ya nguvu yake ya ziada ni ya michoro ya michezo na uhariri wa video. Mwenye duka la vipuri anayenunua hiyo anailipia starehe ya mtu mwingine.

Je, tofauti ya bei inarudi? Chukuliwe mfano wa wakala anayehudumia wateja 60 kwa siku, na kishikwambi kizito kinachomchelewesha sekunde 20 kwa kila mteja. Hizo ni dakika 20 kwa siku, na kwa siku 300 za kazi ni saa 100. Ikiwa kishikwambi chepesi kimezidi bei kwa Sh 100,000, wakala huyo amenunua saa zake kwa Sh 1,000 kila moja ndani ya mwaka wa kwanza. Mwenye wateja 10 kwa siku hesabu yake ni nyingine: huokoa chini ya saa 17 kwa mwaka, na kila saa humgharimu Sh 6,000. Huyo anaweza kubaki na cha T606 na fedha iliyosalia akaongezea bidhaa.

Aidha, prosesa nzuri huzibwa pumzi na RAM ndogo. GB 4 ni kiwango cha chini kwa kazi ya duka. Ijulikane kwamba boksi linalotangaza GB 12 mara nyingi lina GB 4 za kweli, na 8 zilizobaki zimeazimwa kutoka kwenye hifadhi, ambayo mwendo wake ni wa chini sana kuliko RAM. Hifadhi yenyewe ikiwa ya aina ya UFS ni nyepesi kuliko eMMC. Kwa maeneo yenye kukatikakatika kwa umeme, itazamwe pia nanomita: SC9863A imetengenezwa kwa nanomita 28, T606 kwa 12 na G99 kwa 6. Kwa kawaida namba ikipungua, umeme unaopotea kwa joto nao hupungua.

Katika vishikwambi vilivyotumika, iPad zina hesabu yake. Prosesa ya A13 iliyomo katika iPad ya kizazi cha 9, ya mwaka 2021, ina viini sita tu, lakini inaziacha mbali nyingi za viini vinane zilizotajwa hapo juu, kwa kuwa Apple huchora viini vyake yenyewe. Hatari iko kwa zile za zamani mno. Mwaka 2017, mfumo wa iOS 11 uliziacha nje iPad zote zenye prosesa za biti 32. Iliyoachwa hivyo huwaka vizuri na kung'aa, lakini programu nyingi za benki hazikubali kuingia ndani yake.

Kwa Android, kabla ya kulipa, mnunuzi aombe kuwasha kifaa na kuweka CPU-Z, programu ya bure inayoonyesha jina la prosesa, aina ya viini na kasi yake. Ni kazi ya dakika mbili. Anayenunua vishikwambi kumi kwa ajili ya mawakala wake avijaribu vyote kumi, maana boksi la juu si lazima lifanane na la chini. Ikiwa kwenye boksi pameandikwa G99 na kioo kinaonyesha A55 nane, asishawishiwe na punguzo la bei: aliyonyeshwa ni bidhaa nyingine kabisa.