Msimamizi Bora Kazini: Kijitabu kwa Viongozi wa Vyama vya Kahawa Manyovu

Kijitabu hiki ni kwa mameneja wa AMCOS, makarani wa mizani na wasimamizi wa viwanda vya kumenya kahawa katika Manyovu, wilayani Buhigwe, pamoja na wenzao wa Kasulu na Kibondo. Wengi wenu hamkusomea uongozi. Wanachama waliwaamini, au mlijua kuweka hesabu, na msimu ulipofunguliwa mkajikuta mmekabidhiwa watu. Hilo lisiwatie hofu. Sifa za msimamizi bora hujengwa kazini, kwa mtu aliye tayari kujifunza.

Ijue kazi kabla ya kumhukumu anayeifanya

Sifa hii tunaitanguliza kuliko zote, kwa sababu haki kazini huanzia hapa. Tuchukue jambo linaloweza kuwagombanisha watu msimu wowote: upungufu wa kilo.

Kahawa mbivu ikishapokelewa inatakiwa kumenywa siku hiyohiyo, kisha ilazwe ichachuke, ioshwe, na kuanikwa kwenye vichanja hadi unyevu ushuke kufikia asilimia 12 hivi. Takriban kilo 5 za kahawa mbivu hutoa kilo 1 ya kahawa kavu ya maganda. Hata ikiwa juu ya kichanja, uzito wa Jumatatu hauwezi kuwa uzito wa Ijumaa. Msimamizi asiyelijua hili akikuta daftari la mapokezi halilingani na ghala, wazo la kwanza ni wizi. Anamwita kibarua mbele ya wenzake, anamfokea, anamkata ujira. Kumbe hakuna aliyeiba. Ni jua tu.

Wizi nao upo, hatukatai. Ndiyo maana tunasisitiza kupima na kuandika kila hatua: inapoingia, inapotoka kwenye maji, inapotoka kichanjani, inapoingia ghalani. Ukiwa na maandishi hayo utajua hasara ilitokea wapi na zamu ya nani. Usipokuwa nayo, una tuhuma tu.

Hata hasara ikithibitika, huna ruhusa ya kukata fedha ya mtu kwa hasira. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka hasara iwe imetokana na kosa la mfanyakazi mwenyewe akiwa kazini, apewe nafasi ya kujieleza, akubali makato kwa maandishi, makato yasizidi hasara halisi, wala yasizidi robo ya ujira wake. Masharti haya yasome mara mbili. Yamewekwa kumlinda mtu ambaye watoto wake wanategemea ujira huo.

Heshima

Februari 1971 TANU ilitoa Mwongozo, na ibara yake ya 15 ikawakataza viongozi majivuno, ubadhirifu, dharau na uonevu. Katika miaka iliyofuata wafanyakazi wa viwanda kadhaa, hasa Dar es Salaam, waligoma wakiitaja ibara hiyo. Malalamiko mengi hayakuhusu mshahara. Watu walikuwa wamechoka kutukanwa. Tunaikumbusha historia hii kwa sababu matusi kazini hayajaisha, na bado kuna wasimamizi wanaodhani ukali ndio uongozi.

Anza asubuhi kwa salamu. “Mwakeye” kwa mzee anayechambua kahawa haikupunguzii cheo. Ukiwa na onyo, mpe mtu faraghani. Ukiwa na pongezi, zitoe hadharani. Mama anayenyonyesha ana haki ya hadi saa 2 kwa siku, ndani ya muda wa kazi, kumnyonyesha mwanawe: usimfanye aombe kama hisani. Na kahawa inapofurika, kazi ikaendelea hadi usiku, kumbuka kuwa saa za kawaida ni 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Zinazozidi ni kwa makubaliano, na hulipwa mara moja na nusu ya ujira wa kawaida.

Hesabu ionekane

Mkulima aliyeshuka na gunia kichwani kutoka mlimani ana haki ya kuiona mizani ikisoma. Igeuze imwelekee. Mwandikie stakabadhi palepale, na asiyejua kusoma asomewe mbele ya mtu anayemwamini. Taarifa za fedha zibandikwe ofisini kabla ya Mkutano Mkuu, wala zisisubiri wakaguzi wa COASCO. Swali gumu kutoka kwa mwanachama lipokee kwa shukrani. Anayeuliza bado anakijali chama.

Funza mwingine

Karani mmoja akiugua katikati ya msimu na mapokezi yakasimama, lawama ni ya msimamizi. Mpe kijana mizani akiwa chini ya uangalizi wako, mwache akosee kidogo, msahihishe. Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi hufundisha usimamizi wa vyama. Bodi itenge fedha ya kumpeleka mtu, na wanawake wasiachwe nyuma katika uteuzi huo.

Neno kwa msimamizi anayekusudia kumwachisha mtu kazi

Uwe na sababu ya haki na ufuate utaratibu wa haki; sheria inavitaka vyote viwili. Mweleze tuhuma, msikilize, aruhusiwe kuja na mwenzake wa kumsaidia kujitetea, umpe uamuzi kwa maandishi. Kisha mwambie wewe mwenyewe, bila kungoja akaulize mitaani, kwamba asiporidhika ana siku 30 za kufungua shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.